Geuza Karatasi

Nianze kwa kujisifu, maana nisipojisifu mimi, atanisifu nani? Kwenye maonyesho ya Chuo cha Udongo na Maji, mwaka ule wa 2079, meza iliyojaza watu kuliko zote ilikuwa yangu. Wenzangu walileta mirija, chupa za matope, na vidude vya kurusha angani vilivyovuma kutwa nzima. Mimi, Oresta Kikoti, binti wa Lutanga, nilikuwa na picha mbili tu ukutani, na watu walisimama mbele yake wakashika midomo.

Picha ya kushoto ilionyesha kilima kitupu, chekundu, kimechanwa na makorongo, na wanawake watano wameinama na majembe, migongo yao kwetu. Ya kulia ilikuwa ya kilima kile kile, imepigwa kutoka jiwe lile lile, lakini sasa kilima kimefunikwa na msitu na chini yake kunapita kijito. Kati ya picha hizo mbili ilipita miaka thelathini na saba na ushei.

Huo ndio uliokuwa mtihani wangu wa kumaliza chuo: kuthibitisha kwamba udongo wa Lutanga ulikufa ukafufuka, na kwamba walioufufua ni watu wa Lutanga wenyewe, kwa matuta na miche ya asili. Vipimo vya udongo wa leo nilikuwa navyo, kurasa tisini. Vipimo vya zamani havikuwepo, maana enzi zile hakuna aliyepanda kuja kupima udongo wetu. Ushahidi wa kilima kitupu ulikuwa ile picha moja. Ukiiondoa, nabaki na msitu mzuri na maneno ya bibi yangu.

Kila mtu aliposogea, Karani alisoma maelezo kwa sauti yake ya upole. Karani ndiye mashine aliyekaa ndani ya kuta zote za chuo chetu, na hakuna picha iliyopita ukutani bila yeye kuikagua.

"Kulia," alisema Karani. "Picha ya Oresta Kikoti, Lutanga, Machi 2079. Nasaba kamili. Kushoto: picha yatima. Mpiga picha hajulikani."

Siku ya pili ya maonyesho, saa nne asubuhi, alikuja mzee mfupi mwenye kofia ya pama, akasimama mbele ya ile ya kushoto. Nilipomwona nilifurahi kweli. Alikuwa Kandidus Komba, mwenye duka la mwisho mjini Iringa lililokuwa bado linasafisha picha za karatasi. Yeye ni Mngoni wa Songea na mimi ni Mhehe. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaamua kutaniana, na mpaka leo Mngoni akinikuta nakula atachukua nyama kwenye sahani yangu, nami sina ruhusa ya kununa.

"Kamwene, mtani!" nikamwita. "Umekuja kuangalia akili za Kihehe? Usiogope, haziambukizi."

Alimsikiliza Karani mpaka mwisho, akamwomba arudie, Karani akarudia: mpiga picha hajulikani.

"Ehee," akasema. "Kumbe nilishakufa, na hakuna aliyenipa taarifa ya msiba."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana hivyo ndivyo utani ulivyo. "Mtani, si nilichukua mwenyewe ukutani kwako? Ukanifukuza mpaka mlangoni!"

Na ni kweli. Miezi mitatu nyuma nilikwenda dukani kwake kutafuta picha za zamani za Kilolo, wilaya yetu, nikaiona ile imetundikwa, karatasi tupu bila kioo. Nikaitungua. Nikasema, "Hii ni ya kwetu, naenda nayo." Naye akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Mwizi! Wahehe hawa, hata babu yao aliiba ngao yetu! Peleka, peleka, kalale nayo!" Tukaagana tukicheka. Kwa watani, hayo ndiyo makabidhiano.

"Ulichukua karatasi," akasema Kandidus sasa, taratibu. "Sikukunyima, mtani akichukua amechukua. Uliigeuza?"

"Niigeuze niifanye nini?"

Akaniangalia. Nilisubiri anitukane. Nilisubiri aniite mateka, mwizi, mla sijui nini, kama siku zote. Alirekebisha kofia yake, akasema, "Haya, binti Kikoti. Nakutakia mtihani mwema," akaondoka zake.

Hapo ndipo nilipojua nimeharibu. Mtani akikutukana umepona. Akianza kukuita kwa jina la ukoo na kukutakia mema, ujue umemkosea kweli.

*

Nilinuna, sitaficha. Mhehe hapendi kuaibishwa hadharani, na mimi sipendi kuliko Wahehe wote. Nilifunga meza yangu mchana, nikatembea mpaka bwenini nikijisemea kwamba yule mzee ana makuu. Sheria gani nimevunja? Karani mwenyewe alikubali!

Alikubali, ndiyo, lakini kwa sababu nilimdanganya.

Mliozaliwa juzi hamkumbuki miaka ya picha za uongo. Hata mimi nilisimuliwa. Mashine zilichora chochote mtu alichotaka: mafuriko yasiyotokea, waziri akila rushwa asiyoila, mtoto wako akilia mahali asipowahi kufika. Ilifika mahali mtu akionyeshwa picha ya nyumba yake mwenyewe inaungua anakaa, anamalizia chai. Ndipo ikaja Sheria ya Nasaba. Tangu hapo kila kamera hushona ndani ya kila picha jina la aliyepiga, mahali na saa, kama mfugaji anavyomtia ng'ombe alama ya moto, haifutiki. Ukitaka kutumia picha ya mtu, hata kwenye kazi ya shule ya msingi, unamtaja na unaomba. Akikubali, anasema ndiyo kwa sauti yake, na picha inafunguka. Ukiikata au kuibadilisha, unasema umeibadilisha. Usipofanya hivyo, picha inafumba: unabaki na kibao cha kijivu ukutani.

Picha za kabla ya sheria hazina alama. Hizo Karani anakuuliza tu: mwenyewe nani? Ukimtaja, atamtafuta amwombe ruhusa. Na kama hakika hajulikani, kuna kiapo: *Nimetafuta, sikumpata.* Ukikiapa, picha inakuwa yatima na unaruhusiwa kuitumia.

Siku ya kuwasilisha kazi za maonyesho nilikuwa nimebakiwa na nusu saa. Karani akauliza, mwenyewe nani? Nikawaza: nikimtaja Mzee Komba, atatafutwa, na yule mzee simu anaiwasha Jumapili tu. Halafu nikawaza: kwani ya nini? Ni mtani wangu. Cha mtani ni changu. Nikaapa kwamba nimetafuta, sikumpata, ilhali nilikuwa nimekunywa chai ya mtu huyo wiki moja tu kabla. Na sikuona kama nimeapa uongo. Niliona ni njia fupi tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sikujua kama walikuwa wananisema mimi.

Bwenini nikavuta sanduku chini ya kitanda. Karatasi ilikuwa ndani ya daftari, nilipoiweka baada ya kuipiga nakala. Upande wa mbele niliujua kama kiganja changu. Nikaigeuza.

Mgongoni kulikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu, yaliyofifia kidogo, ya mtu aliyeandika akiwa ameegemea goti.

*K. Komba. Kilima cha Lutanga, Novemba 2041. Kabla sijapiga nimewaomba, wamekubali. Kutoka kushoto: Leokadia Senyagwa, Rozina Sengimba, Anyesi Semkondya, Paskalina Semhanga, Sikitu Sekalinga. Wamesema: ukiionyesha, tutaje.*

Nilisoma mara moja, nikakaa chini sakafuni.

Anyesi Semkondya ni bibi yangu. Bibi mzaa mama, aliyenilea, aliyekuwa anakuja kesho yake kutoka Lutanga na gauni lake jipya la kitenge kunisikiliza nikitetea kazi yangu. Siku mbili nilikuwa naionyesha dunia mgongo wa bibi yangu, na chini yake nimeandika hajulikani.

Na yule Mngoni! Kijana wa miaka ishirini na minne wakati ule, mpima misitu, katikati ya kilima cha Wahehe. Kwa utani angeweza kupiga picha akacheka akaenda zake, na wale mama wasingeweza kununa. Lakini aliwaomba. Akaandika majina yao, na ahadi yao akaiandika pia. Mimi, mjukuu wao, msomi, sikugeuza hata karatasi. Nililia kwa aibu, nikalia tena kwa hasira, kisha nikanawa uso.

*

Asubuhi, kabla ya saa mbili, nilisimama mbele ya ukuta wa ukumbi.

"Karani, nafuta kiapo cha yatima kwenye picha ya kushoto."

"Sababu?"

"Niliapa uongo. Mwenyewe ninamjua. Anaitwa Kandidus Komba."

Karani hakasiriki, hilo ndilo linalochosha kwake. "Imeandikwa. Mwenyewe ameombwa ruhusa saa moja na dakika hamsini. Picha imefumbwa mpaka ajibu. Mtihani wako ni saa nne kamili. Unashauriwa kuandaa kazi yako bila picha hii."

Pale pale kilima cha Lutanga kikawa kijivu.

Nilikimbia mpaka dukani kwa Mzee Komba. Nikakuta kufuli. Nilipiga simu, imezimwa, ilikuwa Alhamisi. Nikarudi nikihema, nikamkuta bibi kwenye mstari wa mbele, kitenge kimenyooka, mkoba magotini. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili na mgongo wake ulikuwa bado umesimama.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, mwanangu. Mbona jasho?"

Nikampa karatasi. Akaitazama mbele, akaigeuza, akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Alipofika jina la tatu kidole kikasimama.

"Yule kijana wa Songea," akasema. "Alikuwa mweusi, mwembamba, anapenda kucheka. Tulimwambia atutaje. Tulitania tu, mwanangu, nani angetutaja sisi? Kumbe aliandika."

"Bibi, mbona hukuwahi kuniambia kwamba ulipigwa picha?"

"Tulipigwa picha nyingi wakati ule. Wageni walikuja, wakapiga, wakaondoka. Ningekumbuka ipi?"

Saa nne ikafika.

*

Mwenyekiti wa jopo alikuwa Dakta Edina Luvanda, mwanamke mwenye miwani mikubwa na roho nzuri, ingawa wanafunzi walimwogopa. Alinisikiliza nikieleza matuta, mizizi, unyevu, kina cha udongo mweusi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilizungumza vizuri, sina haja ya kujinyenyekeza, nilizungumza vizuri sana. Kisha nikafika kwenye picha, na ukutani kukatokea msitu upande wa kulia na kibao cha kijivu upande wa kushoto.

Minong'ono ikaanza. Wote walishaiona ile picha kwenye maonyesho.

"Oresta," akasema Dakta Luvanda, "imekuwaje? Juzi ilikuwepo."

"Juzi ilikuwepo kwa kiapo cha uongo, Dakta. Niliapa kwamba mpiga picha hajulikani. Ninamjua. Nimefuta kiapo leo asubuhi, na yeye hajajibu."

Akavua miwani. Akaegemea mbele, akashusha sauti, lakini ukumbi wetu hausitiri sauti. "Binti, hii ndiyo nguzo ya kazi yako. Bila hali ya mwanzo huna ulinganisho, na bila ulinganisho jopo haliwezi kukupitisha. Utarudi mwakani. Sikiliza. Picha ni ya kale, mtu hapatikani. Kusema kweli, umetafuta na hukumpata. Apa upya, ni dakika moja, tuendelee. Wengi wamefanya hivyo."

Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kunisaidia, na mkono aliokuwa ananinyooshea ulikuwa wa huruma. Nilimtazama bibi. Mwaka mmoja! Bibi alikuwa ameshauza vitunguu vya msimu mzima nifike hapa, na kijiji kizima cha Lutanga kilikuwa hakijawahi kutoa mhitimu wa chuo hiki. Mbuzi alikuwa ameshafungwa nyumbani akisubiri sherehe. Neno moja tu, *naapa*, na kilima kingefunguka.

"Dakta, ninashukuru," nikasema. "Siwezi. Picha ninayo hapa, karatasi yenyewe. Sina ruhusa ya kuwaonyesha upande wa mbele. Lakini mgongoni hakuna picha, kuna maneno, nayo yaliandikwa ili yasomwe. Naomba niyasome."

Akatazamana na wenzake wa jopo. "Soma."

Nikainua karatasi, mgongo wake kwa macho yangu.

"Mpiga picha: Kandidus Komba. Kilima cha Lutanga, Novemba 2041. Waliomo, kutoka kushoto. Leokadia Senyagwa."

"Ametangulia," sauti ikasema kutoka mstari wa mbele. Ilikuwa ya bibi. Alikuwa amesimama. "Lakini mistari yake ya miti ipo. Endelea."

Watu wakageuka kumtazama.

"Rozina Sengimba."

"Yuko Lutanga, miguu inamsumbua. Amesema niwasalimu."

"Anyesi Semkondya."

"Nipo!" akasema bibi yangu, na akainua mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza. Watu walicheka na kupiga makofi kwa pamoja. Nilisubiri makofi yaishe. Kisha nikamaliza: Paskalina Semhanga, aliyehamia kwa mwanawe Njombe. Sikitu Sekalinga, marehemu, aliyechimba tuta la kwanza kabisa. Bibi aliwajibia wote. Nikasoma na mstari wa mwisho: *ukiionyesha, tutaje.*

"Nimewataja," nikasema. "Kama ni mwakani, basi ni mwakani."

Dakta Luvanda alifungua kinywa. Kabla hajasema, mlango wa nyuma ukabamizwa.

"Nimeibiwa!"

Kofia ya pama ikaingia kwanza, na mwenyewe akafuata. Nyuso zote zikageuka.

"Nimeibiwa na Mhehe!" akapaza sauti Kandidus Komba akitembea katikati ya viti. "Saa moja na dakika hamsini mashine inaniamsha kwa simu ya jirani, inaniambia kuna mtu ananiomba ruhusa. Nikasema haiwezekani, Mhehe anaomba? Tangu lini? Lazima nikaone kwa macho yangu. Ndiyo nimeliacha duka limefungwa, nimekuja kwa miguu, mwizi huyu hapa!" Akanielekezea kidole. "Mateka wangu! Babu yako alipotuona alipanda mti, akashukia upande wa pili!"

Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. "Alipanda akuhesabu vizuri, mtani," nikamjibu, machozi yananitoka. "Mlikuwa wachache mno!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Dakta Luvanda alikuwa akijifuta macho.

"Mzee Komba," akasema, "wewe ndiye mpiga picha?"

"Ndimi. Nilikuwa mwembamba wakati huo." Akavua kofia alipofika mbele ya bibi, na utani ukamtoka usoni. "Mama Anyesi. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Ulisema utatutaja."

"Niliitundika ukutani miaka yote, mama. Kila aliyeuliza nilimtajia. Hawakuuliza wengi."

Karani akasubiri wamalize. Nadhani hata mashine ina adabu, au ni mimi nimeamua hivyo. Kisha akauliza, "Kandidus Komba, unaruhusu picha yako itumike katika kazi hii? Jibu ndiyo au hapana."

"Mtani wangu ameichukua, nimempa. Aandike jina langu, na majina ya mama hawa, yote matano. Asikate hata mmoja."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Ndiyo, wewe mashine! Ndiyo!"

Kilima kikafunguka: chekundu, kitupu, kimechanika, na mama watano wameinama. Ni migongo ile ile iliyokuwa imetundikwa pale siku mbili. Lakini sasa watu wote walikuwa wakimtafuta wa tatu kutoka kushoto, kisha wakimtazama bibi yangu kwenye mstari wa mbele.

*

Nilifaulu. Nilikatwa alama kumi na mbili kwa kiapo cha uongo, na Dakta Luvanda aliniambia usoni kwamba zilikuwa halali yangu. Daraja la kwanza likaniponyoka, nikapata la pili. Wakati mwingine ningepiga kelele chuo kizima kisikie. Siku ile nililipokea tu, maana sikuwa na ubishi.

Jopo likaagiza picha zote mbili zihamishiwe ukumbi wa kuingilia, zikae hapo daima. Nilitaka kumrudishia Mzee Komba karatasi yake. Akakataa, akachukua kalamu yangu mfukoni mwangu bila kuomba, akaondoka nayo. Mpaka leo hajairudisha, nami sina ruhusa ya kununa.

Kabla hatujaondoka, bibi alitaka kupita pale mlangoni. Tukasimama mbele ya kilima, yeye akiwa ameshika mkono wangu, na Karani akasoma maelezo mapya niliyoyaandika mimi mwenyewe:

"Picha ya Kandidus Komba, Lutanga, Novemba 2041. Imetumiwa na mtani wake, Oresta Kikoti, kwa ruhusa. Waliofufua kilima, kutoka kushoto: Leokadia Senyagwa, Rozina Sengimba, Anyesi Semkondya, Paskalina Semhanga, Sikitu Sekalinga."

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wanapita na mabegi yao. Bibi akanyoosha kitenge chake, akasogea hatua moja karibu na ukuta.

"Mwambie arudie," akasema. "Hawa watoto hawajasikia."

Nikamwambia Karani arudie, akarudia.